Karatasi kwenye Mkorosho wa Mpakani

Nilipopata nafasi ya kwenda kusoma jiolojia Urusi, majirani walikuja kwetu na kuku, wakaja na karanga na unga wa muhogo, wakamwambia bibi yangu kwamba Mungu amemwona. Nalisema hili mwanzoni kwa makusudi. Nimechoka na watu wa mjini wanaosimulia mambo ya vijijini kana kwamba huko kila mtu huamka na chuki tumboni. Wale watu walifurahi kweli. Miezi michache baadaye hao hao waliacha kupita mbele ya nyumba yetu, wakawa wanazungukia njia ya shambani, ndefu na yenye upupu.

Tuliishi wawili, mimi na bibi, katika kijiji kimoja cha kata ya Lionja, wilayani Nachingwea. Yeye ndiye aliyenilea baada ya mama yangu kufariki. Ni Mmakua, alivuka Ruvuma akiwa msichana, akaolewa na babu yangu Mmwera, na babu alipokufa alibaki na nyumba, mikorosho na Kiswahili chake cha kuokoteza sokoni. Amekaa pale kuliko wengi waliozaliwa pale. Hata hivyo, mtu akikasirika humwita yule wa ng'ambo.

Kwa nini jiolojia, hilo halina siri. Nimekua nikiona wageni wakija Ruangwa kutoboa ardhi kutafuta madini ya kinywe, yale meusi ya penseli. Wanabeba mawe yao wanaondoka, na sisi tunabaki kuchungulia mashimo. Nilitaka kuwa miongoni mwa wanaojua kilichomo shimoni. Tatizo lilikuwa lugha. Tuliambiwa mwaka mzima wa kwanza utakuwa wa kujifunza Kirusi, lakini sikutaka kufika nchi ya watu nikiwa bubu.

Ruangwa mjini palikuwa na mwalimu mstaafu aliyesoma huko zamani, enzi nchi ile bado ikiitwa jina jingine. Alikuwa mzee mkali, mgumu wa kusifu, aliyemenya karanga bila kuniangalia wakati mimi nahangaika kutamka. Kila Jumamosi nilikwenda kwake kwa bodaboda, narudi na vumbi kichwani na maneno mapya mdomoni. Maneno yenyewe yalikuwa hayakai. Siku moja alinipokonya daftari, akalikalia, akaniuliza mlango unaitwaje, huku mlango wenyewe uko mbele yetu.

"Wiki iliyopita ulikuwa unalijua," alisema.

"Lilikuwa kwenye daftari, Mwalimu."

"Basi nenda kabandike nyumba nzima. Kila kitu kibandike jina lake. Usifungue mlango bila kuuita, usinywe maji bila kuyaita. Sisi bwenini tulibandika mpaka masufuria."

Nikafanya alivyosema. Nilikata kalenda ya zamani vipande vipande, nikaandika kwa kalamu nene nyeusi zile herufi zao ambazo nusu unadhani unazijua na nusu zinakucheka. Gundi sikuwa nayo, nikapika ya unga wa muhogo kama tulivyofanya shule ya msingi. Mlango nikaubandika *dver*, dirisha *okno*, mtungi wa maji *voda*, kopo la chumvi *sol*. Bibi alinifuata nyuma kama mkaguzi.

"Hii inasema nini?"

"Mlango, Bibi."

"Mlango mimi naujua. Wao wanauitaje?"

"Dver."

Alijaribu, akacheka, akasema wanaongea kama mtu aliyemeza mfupa. Lakini aliendelea. Tukawa kila jioni tunakaa uani tukichambua mbaazi, mimi natamka, yeye anarudia. Masikio yake yamechoka, kwa hiyo tulitamka kwa sauti. Nilifurahi sana jioni zile. Sikuwahi kujiuliza mtu aliyepita nje ya ua anasikia nini: sauti ya kikongwe, ndani ya ua, ikirudia rudia maneno yasiyo Kimwera wala Kimakua, wala yale ya msikitini.

Nyumba ilipojaa nilitoka nje. Nikabandika banda la kuku, nikabandika kinu, halafu nikaenda shambani na gundi yangu kwenye kibuyu nikabandika mkorosho. Nilichagua ule mkubwa ulio mpakani, kati ya shamba letu na la jirani yetu, kwa sababu ndipo nilipopenda kukaa kusoma. *Derevo*, maana yake mti. Gundi ilibaki kidogo. Nikaimwaga pale pale chini, kwenye shina, nikarudi nyumbani.

Mtu wa kwetu akisoma hapo atakuwa ameshashika kichwa. Kwetu unga mweupe chini ya mti si uchafu. Ndivyo wazee wanavyoongea na wafu wao: unachota unga, unaumimina polepole kwenye shina, unataja majina, unaomba. Wamwera hufanya, Wamakua hufanya zaidi. Mimi nimekua nikiona hayo na bado nilimwaga gundi yangu pale bila kufikiri chochote, maana kichwani nilikuwa nimeshahamia Urusi. Watu wameniambia nilikosea. Sikubali. Ilikuwa gundi.

Mikorosho ilianza kutoa maua. Mwaka ule salfa ya kupulizia ilichelewa, lakini dereva wa bodaboda aliyenipeleka Ruangwa kila wiki alituletea ya mapema kutoka Nachingwea, tukawahi kupuliza. Jirani yetu hakuwahi. Binti yake mdogo alikuwa anaumwa, homa inakuja inaondoka, na mama wa watu hakuwa na akili ya mikorosho. Ubwiri unga, ule ukungu unaozuiwa na salfa, ukaingia kwake. Maua yakanyauka yakawa meusi, na ukisimama penye ule mti wa mpakani uliona upande mmoja maua yamestawi na upande wa pili yameungua, kama mtu amechora mstari.

Halafu yule mtoto akafa. Alikuwa mtoto wa kwetu pia, alikuwa akija kula kwetu bila kuitwa, na alikuwa anajua kusema *voda*, anaelekeza mtungi, anapewa maji. Nililia mpaka nikaumwa kichwa.

Msibani bibi alikwenda jikoni na wanawake wenzake, akashika mwiko kama alivyoushika kwenye kila msiba wa kijiji kile. Mwanamke mmoja akautoa mkononi mwake taratibu.

"Bibi, wewe pumzika."

Akaenda kuchota maji. Wakampokea ndoo. "Bibi, pumzika tu." Wote walisema kwa heshima, kwa sauti ya chini, na bibi akaketi kwenye mkeka peke yake, mikono mapajani. Chakula kilipotoka hakuna aliyekula naye sinia moja isipokuwa mimi. Nilidhani ni majonzi. Yeye alikuwa ameshaelewa, maana njiani kurudi hakusema neno hata moja, si la kwao si la Warusi.

Aliyenifumbua macho ni dereva wa bodaboda. Jumamosi iliyofuata alisimamisha pikipiki katikati ya njia ya Ruangwa, akazima.

"Sista, huko kwenu siyo poa. Watu wanaongelea ile karatasi."

"Karatasi gani?"

"Ya kwenye mkorosho. Na unga. Wanasema bibi kamfunga mtoto wa watu pale."

Nilimwambia anirudishe. Nilikimbia mpaka mpakani. Karatasi haikuwepo, na gome la mti lilikuwa limechongwa pale ilipokuwa, kipande kizima, safi. Nikarudi nyumbani nikaanza kubandua zote, mlangoni, dirishani, kwenye mtungi, nikazitia jikoni zikaungua. Kulikuwa na watu wawili njiani waliosimama kutazama moshi. Hata hapo hapo nilijua kwamba kwa macho yao nilikuwa nachoma ushahidi.

Kikao kiliitwa baada ya sala ya alasiri, nyumbani kwa mwenyekiti wa kitongoji. Mwenyekiti ni mtu mpole, anapenda kuanza mbali.

"Serikali haiamini uchawi," alisema, "na mimi hapa ndiyo serikali. Lakini naishi na watu, na watu hawalali."

Karatasi yangu ililetwa juu ya mfuniko wa sufuria, ikiwa bado imeng'ang'ania gome lake, kwa sababu hakuna aliyetaka kuishika. Mama wa marehemu alikuwa amekaa ukutani, kanga usoni. Wakampa mwalimu wa madrasa aisome. Aliinama, akaitazama muda mrefu.

"Hiki siyo Kiarabu," alisema.

"Kizungu?" mwenyekiti aliuliza.

"Siyo Kizungu ninachokifahamu. Mimi sijui ni nini."

Alikuwa mtu mkweli na alisema ukweli. Nilimheshimu na nikatamani kumtia kofi. Nikasimama, nikaamkia wazee, nikaeleza kila kitu: chuo, mzee wa Ruangwa, kubandika nyumba, gundi ya muhogo. Nikasema karatasi ile imeandikwa mti, basi. Kisha mzee mmoja, bila ubaya wowote sautini, akaniuliza:

"Mti kila mtu anauona, mjukuu wangu. Sasa kwa nini uuandike?"

Nilikuwa na jibu la shuleni, na pale halikufaa. Nikafanya la mwisho nililoweza. Nikampigia simu mwalimu wangu wa Ruangwa nikaweka sauti ya nje, nikamwomba awaeleze wazee. Alisikiliza kidogo tu.

"Mwambie huyo mwenyekiti wako," alisema kwa sauti iliyofika hadi barabarani, "kwamba ni mjinga, na waliomzunguka ni wajinga."

Nilikata simu. Mwenyekiti alijifuta uso kwa leso, akasema hatuna ugomvi na mtu, sisi tunatafuta amani, na njia ya amani inajulikana. Bibi aende akanyolewe.

Kwa asiyejua: kuna waganga huko upande wa Ruangwa ambao mtu anayesemwa vibaya hupelekwa kwao. Ananyolewa nywele zote, anapewa dawa anakunywa, na baada ya hapo anahesabiwa amesafishwa. Hapigwi, hafukuzwi. Wenyewe wanaona ni huruma, na ukilinganisha na yanayotokea kwingine, labda ni huruma kweli. Lakini huwezi kusafishwa bila kwanza kukubali kwamba ulikuwa mchafu.

"Nitakwenda," bibi alisema kabla sijafungua mdomo.

Nyumbani nilimkasirikia kupita kiasi. Nilimwambia wanamuonea, nilimwambia nitakwenda polisi Nachingwea, nikamwambia siendi popote, Urusi na ibaki huko huko. Hapo ndipo na yeye alipokasirika.

"Nimekulea ili ukae mlangoni kunilinda?"

"Bibi, ukinyolewa watasema ni kweli."

"Wameshasema. Wewe unaondoka. Mimi nabaki nao. Wakilala wao, na mimi nalala."

Tulikwenda na watu kutoka kijijini kama mashahidi. Ua wa mganga ulikuwa umefagiwa vizuri, watu wamekaa kwenye mabenchi wakisubiri zamu, wengine wanapiga soga, ungedhani ni kliniki. Mganga mwenyewe alikuwa kijana kuliko nilivyotarajia, mwenye adabu, aliyefungua wembe mpya mbele yetu ili tuone. Nilishika kanga chini ya kichwa cha bibi. Nywele zake nyeupe ziliangukia pale, chache, laini, na kichwa kilichobaki kilikuwa kidogo sana. Sijawahi kuona kitu kilichoniuma vile. Akapewa kikombe, akanywa chote, akafuta midomo.

Kisha mganga akawageukia mashahidi, akaeleza kama anavyoeleza mtu wa duka la dawa. Huyu sasa ni safi. Akibaki safi, hana tatizo mpaka mwisho wake. Akirudia, dawa iliyomo ndani yake itamjua. Itaanza na homa, itafuata kuvimba miguu, na hapo hakuna wa kumwokoa.

Mashahidi wakaitikia kwa vichwa. Mimi nilibaki nimeganda na kanga yangu mkononi. Homa. Ni nani kwetu anayemaliza masika bila homa? Ni kikongwe gani asiyevimba miguu? Kuanzia siku ile bibi yangu hakuruhusiwa kuumwa.

Kijiji kilitulia, lazima niseme. Watu walirudi kwenye njia yetu, wakamwamkia bibi, yule jirani aliyefiwa alituletea mbaazi mbichi na bibi akazipokea kwa mikono miwili. Ukitazama kwa mbali ungesema yamekwisha. Lakini nilikuwa naona macho yao. Mtu anaamkia, shikamoo Bibi, halafu macho yanashuka kwenye miguu yake, yanakaa pale kidogo, yanapanda tena. Hata watoto walikuwa wanafanya hivyo. Bibi akaanza kuvaa kanga ya kuburuta chini, na jua la saa nane likiwaka anajifunika kichwa na kukaa mlangoni, aonekane kwamba yuko, hajalala kwa homa.

Mwalimu wangu wa Ruangwa hakuomba radhi, maana hajui namna yake, lakini hakunipokonya tena daftari. Tulikuwa tumefika kwenye maneno ya mwili na magonjwa. Nikayakariri kimoyomoyo kitandani, midomo imefungwa: kichwa, mguu, homa, maumivu, tangu lini. Nyumba yetu haikusikika tena ikisema neno geni. Bibi naye hakuniuliza chochote kinaitwaje.

Siku ya safari ilifika korosho zikiwa zimeanza kudondoka. Alfajiri nilimgusa bibi mkono kumwamsha nikakuta unawaka. Macho yake yalikuwa mekundu na meno yanagongana. Nikasema nakwenda kutafuta pikipiki tumpeleke zahanati.

"Zahanati nani atanitazama?" aliuliza. "Muuguzi, au kijiji kizima?"

Alioga maji ya baridi. Akavaa kanga zake za sikukuu. Akachukua begi langu, lile zito, akajitwisha, na nilipotaka kumpokea alinikata jicho. Tukatoka. Watu walikuwa wamejipanga njiani kuniaga, na bibi alisimama kwa kila mmoja, akaitikia kila shikamoo, akacheka, jasho linamtiririka shingoni. Mwenyekiti alitoka barazani kwake.

"Bibi, mbona unatota jasho?"

"Mzigo, Mwenyekiti. Huyu mtoto kabeba mawe kabla hajayasomea."

Watu wakacheka na mimi nikacheka nao. Nilicheka kwa nguvu. Nikatangaza kwamba bibi ananisindikiza mpaka Nachingwea kwenye basi, tukapanda pikipiki, yeye katikati, na kijiji kilipopotea nyuma yetu akalegea mgongoni kwa dereva kama gunia. Nilimshikilia mpaka hospitali.

Ilikuwa malaria, kali. Walimtundikia dripu. Basi la Dar es Salaam lilikuwa linaondoka kesho yake asubuhi, na mimi nikampigia yule mzee wa Ruangwa, si kwa sababu nilimtegemea bali kwa sababu sikuwa na mwingine. Alifika jioni ile na mfuko wa karanga, akavuta kiti kitandani kwa mtu asiyemjua, akasema niende zangu, yeye hana kazi. Bibi alifumbua macho, akaniambia neno hilo hilo: nenda.

Kabla ya kupanda basi nilimpigia mwenyekiti. Nilisema nimeondoka salama, na bibi atakaa siku kadhaa Nachingwea kwa ndugu zetu, apumzike.

"Ndugu gani?" aliuliza. "Hapo Nachingwea bibi yako hana mtu."

Nikasema ni watu wa upande wa mama. Nilisikia kuku wake wakilia.

"Haya," alisema. "Safari njema. Tutamwona akirudi."

Alirudi, kwa miguu yake, bila uvimbe. Ni mzee wa Ruangwa aliyenieleza, kwa maneno machache na kwa hasira, kwamba alimshusha mbali kidogo na kijiji ili aingie anatembea. Sasa niko huku, msimu wangu wa kwanza wa baridi, na Kirusi changu si kibaya. Walimu wananisifu kwa maneno ya magonjwa, wanashangaa nimeyapata wapi.

Jumapili nampigia. Simu yake inapokelewa uani, mtandao unashika hapo tu, na nyuma ya sauti yake nasikia watu wanaosukana, wanaotwanga, wanaosikiliza. Namuuliza hali. Hajawahi kunijibu jingine. "Mzima kabisa, mjukuu wangu, sijaumwa hata kichwa," anasema, polepole na kwa sauti kubwa, na mimi nabaki na simu sikioni nikijua kwamba siyo mimi anayejibiwa.